Pikipiki ya Traiali kwa Anayeanza Kuiva: Namna ya Kuichagua

Umeshapita hatua ya kuogopa mawe. Unasimama juu ya vikanyagio bila kutetemeka, unakata kona kali kwenye majani mabichi bila mguu kugusa chini, na umeshamaliza mashindano kadhaa ya klabu katika daraja la wanaoanza. Pikipiki uliyoanzia nayo, mara nyingi ya kuazima au ya bei ya kutupa, imeanza kukubana. Unataka yako, itakayokufikisha daraja la kati. Mwongozo huu ni wa mtu wa hatua hiyo. Nimeuandika kwa mazingira ya Uingereza, ambako ninaendesha na ambako vilabu na soko la pikipiki zilizotumika vipo tele, ila mengi yake yatamfaa hata aliyeko Hispania, Ufaransa au Italia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: traiali si mbio. Njia fupi ngumu, inayoitwa seksheni, huwekewa mipaka kwa utepe na vibao, ikapita kwenye mawe ya mtoni, mizizi, kingo za udongo na magogo. Mwamuzi husimama pembeni akihesabu. Ukipita bila kuweka mguu chini, alama ni 0. Mguu ukigusa mara moja ni 1, mara mbili ni 2, mara tatu au zaidi ni 3. Ukianguka, ukitoka nje ya mpaka au ukishindwa kufika mwisho ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Pikipiki yake imejengwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Haina kiti cha kukalia, tangi linabeba lita 2 au 3 tu, na uzito wake ni takriban kilo 65 hadi 75, wakati Boxer ya bodaboda inapita kilo 100 kabla abiria hajapanda. Aliyetoka kwenye bodaboda atashangazwa na wepesi huo, kisha atashangazwa zaidi na klachi, ambayo hapa hushikwa kwa kidole kimoja na hufanya kazi karibu muda wote.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mtu wa hatua yako, pikipiki bora ni ile iliyo mpole, iliyo nzima na inayokubaliana na mwili wako. Nguvu na sifa za chapa zinakuja nyuma kabisa.

Hatua ya kwanza: pima kama tatizo ni pikipiki

Chukua kadi zako za alama za mashindano ya karibuni uzisome kwa utulivu. Zile 5 umezipata wapi? Kama nyingi zimetokana na gurudumu la mbele kutoka kwenye mstari uliouchagua, au kuingia kwenye kona ukiwa umechelewa kugeuza kichwa, hakuna dukani pikipiki ya kukuponya. Kama zimetokana na injini kuzima hovyo, klachi kushika kwa mshtuko, au shokapu ya nyuma kukurusha kila unapokanyaga jiwe, hapo kweli chombo kinakurudisha nyuma.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Mwombe mwanachama mzoefu wa klabu aendeshe pikipiki yako, hiyo hiyo mbovu unayoilalamikia, kwenye seksheni iliyokushinda. Akipita safi, una miezi ya mazoezi mbele yako kabla ya kutoa hela. Akihangaika, muulize nini kimemsumbua, uandike anachosema. Maneno yake yatakusaidia kuliko matangazo yote ya wauzaji.

Hatua ya pili: ukubwa wa injini

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pikipiki za traiali za watu wazima huja zaidi katika ukubwa wa cc 125, 250 na 300, na baadhi ya viwanda hutoa 200 au 280. Ya 125 inawafaa vijana na watu wazima wepesi. Inafundisha vizuri kwa sababu haikubebi: lazima upige resi, uichezee klachi, uchague mstari sahihi. Lakini ukiwa na kilo 85, mbele kuna mlima mrefu wa tope na huna nafasi ya kuchukua kasi, itakuchosha mapema, na mchovu huweka miguu chini.

Ya 300 ina tatizo la upande wa pili. Nguvu yake inaanzia chini kabisa, hata resi ikiwa ndogo. Fikiria ukingo wa jiwe uliolowa, urefu wa goti. Unaukaribia polepole, unafungua mafuta kidogo ili gurudumu la mbele linyanyuke, na pikipiki inaruka mbele kuliko ulivyotaka. Mwili wako unabaki nyuma, mikono inanyooka, na kiganja kinachovutwa nyuma kinazungusha mafuta zaidi bila wewe kukusudia. Ndani ya nusu sekunde pikipiki imesimama wima na wewe uko chini yake. Mzoefu anaua mwendo huo kwa klachi kabla haujaanza. Wewe kidole chako bado hakijajifunza kuwahi.

Ndiyo maana kwa mtu mzima wa kawaida, kilo 65 hadi 90, napendekeza 250 bila kusitasita. Ina nguvu ya kupanda chochote kilichomo kwenye daraja la wanaoanza na la kati, na bado inakusamehe mkono ukiteleza. Nyingi ya seksheni zako zitapitika kwa gia ya pili, ambayo hulainisha mshtuko wa mafuta kuliko ya kwanza.

Mtu mzito, wa kilo 95 na kuendelea, anaweza kufikiria 300, ila atafute iliyotulizwa. Beta, kwa mfano, ina toleo la 300 SS lililopunguzwa ukali makusudi kwa ajili ya waendeshaji wa klabu. Hata 300 ya kawaida inaweza kutulizwa. Fundi anaongeza uzito kwenye gurudumu zito linalozunguka ndani ya injini (flaiwili) ili resi zisipande ghafla, au anabadilisha mpini wa mafuta kwa ule wa polepole unaohitaji kuzungushwa zaidi kwa matokeo yale yale. Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina swichi ya ramani mbili za moto, yaani mipangilio ya namna injini inavyowasha mafuta, moja ya kiangazi na moja ya mvua. Hiyo ya mvua iache ikiwa imewashwa hata jua likiwaka. Hutapoteza chochote.

Matoleo yanayobeba majina kama Factory, RR au GP yapite mbali. Yana shokapu ngumu na injini kali, yametengenezwa kwa watu wanaoruka kutoka jiwe hadi jiwe. Toni Bou, ambaye tangu 2007 hadi 2024 alichukua ubingwa wa dunia wa traiali za nje, zisizo za ukumbini, kila mwaka akiwa na Montesa, anahitaji vitu ambavyo kwako vitakuwa adhabu.

Hatua ya tatu: mipigo miwili, minne, au umeme

Injini ya mipigo miwili (two-stroke) ndiyo chaguo la wengi. Ni nyepesi, inajibu haraka, na pistoni na ringi zake unaweza kubadilisha mwenyewe kwenye banda ukiwa na spana chache na subira. Usumbufu wake ni kuchanganya oili kwenye petroli. Kiasi ni kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 1.5, na kitabu cha kiwanda ndicho cha kufuatwa.

Mipigo minne (four-stroke), ambayo Montesa Cota 4RT ndiyo mwakilishi wake mkuu, ina raha yake hasa kwenye kuteremka. Ukifunga mafuta injini yenyewe inashikilia mwendo, kwa hiyo breki ya nyuma inapumzika na tairi haliburuti. Inakula mafuta kwa sindano za kielektroniki bila kuhitaji betri, na inashika ardhi vizuri kwenye matope. Upande wa pili ni kwamba imezidi kilo chache, inaweza kuzima ghafla ukiiacha resi zishuke mno, na siku injini itakapohitaji kufunguliwa bili ni kubwa.

Za umeme zimekuwa chombo cha kweli. Electric Motion ya Ufaransa inatengeneza za watu wazima, na watoto wengi wa Uingereza wanaanzia kwenye OSET. Kama shamba lako la mazoezi liko karibu na nyumba za watu, ukimya wake unaweza kuwa ndio unaokuwezesha kuendelea kuruhusiwa pale. Sharti langu kwa anayejifunza ni moja tu: nunua toleo lenye klachi. Zipo zisizo nayo, na ukizizoea utakuwa umejinyima ujuzi mkuu wa mchezo huu.

Hatua ya nne: chapa

Mwaka 1965 Sammy Miller alishinda Scottish Six Days Trial, mashindano ya traiali ya siku sita huko Uskoti, akiwa juu ya Bultaco ya Kihispania, na zama za pikipiki nzito za Kiingereza zikaanza kufika ukingoni. Tangu hapo kitovu cha utengenezaji kimehamia kusini mwa Ulaya: Montesa, Gas Gas, TRS na Vertigo zina asili ya Hispania, Beta ni ya Italia, Sherco na Scorpa zina mizizi Ufaransa. TRS ilianzishwa na Jordi Tarrés, aliyekuwa bingwa wa dunia mara saba.

Zote ni pikipiki nzuri. Swali lako liwe jingine: katika klabu yako watu wanaendesha nini, na duka la vipuri lililo karibu linaweka nini kwenye rafu? Jumamosi jioni umevunja mkono wa klachi na kesho kuna mashindano, mwenzako mwenye pikipiki kama yako ndiye atakayekuokoa. Mengine yote ni ladha ya mtu.

Za kale, kama Yamaha TY175 au Fantic za shokapu mbili, zina madaraja yake maalumu na watu wanaozipenda kwa dhati. Ukivutiwa nazo, ziwe pikipiki yako ya pili. Breki zake za ngoma zitakufundisha tabia ambazo utalazimika kuziacha.

Hatua ya tano: bajeti

Mpya, kwa Uingereza, kwa kawaida huwa kati ya pauni 6,000 na 8,000. Iliyotumika kwa uangalifu, ya miaka mitano hadi kumi, mara nyingi utaipata kwa pauni 2,500 hadi 4,500, na huko ndiko ningekupeleka. Pikipiki hizi zinaanguka kila wiki, hiyo ndiyo kazi yake. Kuanguka na ya pauni 7,000 kunamfanya mtu aendeshe kwa woga, na woga ni alama 5 kabla hujaingia seksheni.

Usiitoe hela yote kwenye pikipiki. Bakiza karibu sehemu moja kwa tano. Tairi nzuri ya nyuma inakaribia pauni 100, beringi zitahitaji kubadilishwa, na siku moja ya mafunzo chini ya mwalimu itakupunguzia alama nyingi kuliko injini yoyote. Lancashire na Yorkshire kuna shule za traiali zinazokodisha pikipiki pamoja na mafunzo, njia nzuri sana ya kuonja 250 na 300 siku moja kabla ya kununua.

Miezi ya mwisho wa mwaka, matoleo mapya yanapotoka, wale wanaobadilisha pikipiki kila msimu huuza. Kuwa tayari wakati huo.

Hatua ya sita: kukagua iliyotumika

Pikipiki ya traiali kwa kawaida haina mita ya kilomita inayokuambia kitu. Umri wake ni saa za kazi na mikono iliyoitunza. Kwa hiyo anza na mtu: nani alikuwa anaiendesha, daraja gani, na oili ya gia boksi hubadilishwa kila baada ya muda gani? Anayeitunza atakujibu bila kufikiri.

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha, pengine kuwaka kwa shida asubuhi. Injini baridi iliyo nzima inawaka kwa kiki chache. Moshi kidogo mwanzoni ni kawaida. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Kisha ingia kwenye vitu ambavyo wauzaji wengi hawavitegemei:

Weka kreti chini ya bamba la kinga lililo chini ya injini ili gurudumu la nyuma lining'inie. Chuchumaa nyuma, shika tairi kwa mikono miwili, lipandishe taratibu sana kwa vidole tu. Ukisikia "tk" ndogo na tairi kupanda milimita chache kabla shokapu haijaanza kukaza, beringi za linkeji, mikono midogo inayounganisha shokapu na gurudumu la nyuma, zimekwisha. Huu ndio ugonjwa mkuu wa pikipiki hizi, kwa sababu linkeji inakaa chini kabisa ambako maji na tope vinashinda, na wamiliki wengi hawaifungui kuipaka grisi. Si sababu ya kukataa, ni sababu ya kushusha bei. Ukiwa hapo hapo, sukuma swingamu, mkono unaobeba gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Isicheze kabisa.

Hamia mbele. Nyanyua gurudumu, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Halafu zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande kwa kidole kimoja. Ukihisi kama unadumbukia kwenye kishimo katikati, beringi za shingo zimekula. Pitisha ukucha kwenye bomba za shokapu: mkwaruzo unaokwamisha ukucha utakata sili na oili itavuja.

Lala chini uangalie bamba la kinga. Kubonyea ni halali yake. Kinachotafutwa ni ufa kwenye injini nyuma ya bamba, au mabomba ya fremu yaliyosukumwa ndani. Fungua sanduku la filta ya hewa. Tope lililopita filta likaingia upande wa kabureta linamaanisha pistoni imekula mchanga, na hapo mimi naaga kwa heshima na kuondoka.

Angalia oili ya gia boksi kupitia kioo chake au kifuniko. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili ya pampu ya maji imepasuka. Ni matengenezo madogo ikiwahiwa. Isipowahiwa, beringi za ndani zinaoza.

Sasa klachi. Nyingi za hizi hunata zikiwa baridi, kwa hiyo kabla ya kuwasha ingiza gia, bana klachi na uitikise pikipiki mbele na nyuma hadi iachie. Ikishapata moto, simama kwenye tambarare, gia ya kwanza, bana kabisa. Ikiendelea kutambaa yenyewe, sahani zimechakaa, oili si sahihi au mfumo wa haidroliki una hewa. Halafu weka gia ya pili uachie klachi milimita kwa milimita. Unachotaka ni kushika kulaini, kunakoanza mahali pale pale kila mara. Ikishika kwa ghafla, utapigana nayo kila Jumapili.

Breki ya mbele ikishikwa kwa kidole kimoja izuie pikipiki kwenye mteremko ukiwa umesimama juu yake. Gonga spoku kwa spana, zilizolegea husikika tofauti. Tairi ya nyuma ikiwa na meno ya mviringo badala ya kona kali, hesabu nyingine mpya.

Hatua ya saba: karatasi na uhalali

Wizi wa pikipiki hizi Uingereza ni mkubwa. Soma namba ya fremu kwenye shingo, chini ya usukani. Iwe safi, isiyokwaruzwa wala kupakwa rangi, na ilingane na risiti au hati ya usajili. Nyingi hazijasajiliwa kwa barabara na hilo si kosa, lakini muuzaji asiye na hata risiti ya alikonunua mwache. Kununua kwa mwanachama anayejulikana klabuni kunakuondolea wasiwasi mwingi.

Kama ndoto yako ni Fort William, mji wa Uskoti, kwenye Scottish Six Days Trial iliyoanza 1909, utahitaji iliyosajiliwa kwa barabara, kwa hiyo lifikirie sasa. Na usiende kujifunzia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa. Polisi wana mamlaka ya kuichukua pikipiki. Fanya mazoezi kwenye ardhi ya klabu.

Hatua ya nane: iweke ikufae

Umeinunua. Kabla ya mashindano ya kwanza, simama juu ya vikanyagio na magoti yaliyokunjwa kidogo. Mikono ya breki na klachi iwe mahali ambapo kidole cha shahada kinaifikia bila kiganja kuzunguka. Mrefu aongezewe vinyanyuzi vya usukani. Asijikunje.

Nunua kipima upepo cha shinikizo dogo, maana cha gari hakisomi vizuri chini huko. Tairi ya nyuma iwe karibu psi 4 hadi 5, ya mbele karibu 6, ukiongeza kidogo kama wewe ni mzito. Tofauti ya psi moja kwenye jiwe lililolowa utaihisi.

Springi za kiwandani kwa kawaida huwafaa watu wa uzito wa wastani, kilo 70 na kitu. Simama juu ya vikanyagio, mwenzako apime: shokapu ikae chini karibu theluthi moja ya mwendo wake. Ikizama zaidi hata baada ya kukaza, unahitaji springi ngumu zaidi. Usijaribu kulitatua hilo kwa kuzungusha skrubu za kurekebisha.

Swichi ya kamba ya kuzima injini, ile inayofungwa kwenye kiganja, hakikisha inafanya kazi na uivae hata kwenye mazoezi. Kisha acha kila kitu kama kilivyo kwa wiki kadhaa. Usiguse ramani ya moto, usibadilishe sproketi, usifungue kabureta. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, urudi kwenye seksheni ile ile, hali ya hewa ile ile, ndipo uamue kama kibaki au kirudi.